Mjadala: Je, jina la Sims libaki kwenye spekulamu?

Wadau, mwenzetu mmoja ameandika kwamba kuiondoa sanamu ya Dk. J. Marion Sims, mpasuaji Mmarekani wa karne ya 19, pale Central Park, New York, mwezi Aprili 2018, kulikuwa kumvunjia heshima mtu aliyewaponya wanawake nasuri ya uzazi. Anasema kila zama zipimwe kwa mizani yake. Mimi napinga, tena naona jina lake litoke hata kwenye spekulamu ya Sims, kile kifaa cha kupanulia uke wakati wa uchunguzi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi hapa huutaja kwa jina tu. Uchungu unapita siku mbili, tatu, mtoto amekwama. Kichwa chake kinaibana nyama laini kwenye mfupa wa nyonga mpaka damu haipiti, nyama inakufa, linabaki tundu kati ya kibofu na uke. Mtoto mara nyingi hafiki hai. Mama anavuja mkojo usiku na mchana. Aliyepata njia ya kuliziba tundu hilo alifanya jambo kubwa, hilo sibishani nalo.

Ninachouliza ni aliipataje. Huko Montgomery, Alabama, kuanzia 1845 hadi 1849, Sims aliwapasua tena na tena wanawake weusi waliokuwa watumwa. Tunayajua majina matatu tu: Anarcha, Betsey na Lucy. Lucy alipasuliwa akiwa amepiga magoti mbele ya madaktari walioalikwa kutazama, kisha kipande cha sifongo kilichowekwa kibofuni kikamletea maambukizi, nusura afe. Anarcha alipasuliwa takriban mara 30, mpaka tundu lilipozibika kwa nyuzi za madini ya fedha. Bila dawa ya usingizi.

Mtetezi atasema dawa hiyo haikuwepo. Mwaka 1845, kweli. Lakini etha, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani Boston Oktoba 1846, na upasuaji wa Montgomery ukaendelea bila hiyo hadi 1849. Nakiri ilikuwa ngeni na madaktari wengi waliihofia. Hata hivyo, wa kuamua kama maumivu yale yavumiliwe hakuwa yule aliyelala mezani.

Wengine husema wanawake wenyewe walimsihi awatibu. Anayetusimulia hivyo ni Sims, katika kumbukumbu za maisha yake; wao hawakuacha hata mstari mmoja. Huenda walitamani sana kupona, nani asingetamani? Ila ruhusa ilitoka kwa mabwana waliowamiliki, na mtumwa aliyekataa hakuwa na pa kwenda.

Kinachoniuma zaidi hakitajwi sana. Madaktari waliokuwa wakimsaidia walichoka kumwona akishindwa, wakajitoa mmoja mmoja. Basi akawafundisha wagonjwa hao hao kazi ya usaidizi: huyu anapasuliwa, wenzake wanamshikilia. Kesho zamu ya mwingine. Kama tunatafuta wa kuitwa waanzilishi wa tiba hii, hawa wameachwaje nje?

Sisemi upasuaji ufutwe vitabuni, wala spekulamu, kifaa chake, kitupwe. Kiitwe kwa umbo lake, na anayeufundisha upasuaji huo awataje watatu hao kabla ya kumtaja daktari. Montgomery yenyewe tangu 2021 ina sanamu zao, kazi ya msanii Michelle Browder.

Nanyi mnaofundisha wakunga na madaktari: mnapoishika spekulamu ya Sims mbele ya wanafunzi, huwa mnawaambia nini?