Hita ya kuogea ya wati 7,000: je, waya wa 2.5 unatosha?

Swali
Ndugu mafundi, nakusudia kufunga hita ya maji ya kuogea yenye wati 7,000, inayotumia volti 230. Kutoka kwenye kisanduku cha sakiti breka hadi bafuni ni mita 20. Ukutani tayari umepita waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, uliokuwa ukilisha soketi za kawaida kwa breka ya ampia 20. Je, nikibadilisha breka pekee na kuweka ya ampia 32, waya huo utafaa?

Jibu la kwanza
Hautafaa, ndugu. Gawanya wati kwa volti: 7,000 kwa 230 ni ampia 30 na ushei, nao ni mkondo utakaopita mfululizo muda wote mtu anapooga. Kazi ya breka ni kuulinda waya, wala si kuilinda hita. Ukiiondoa ile ya 20 na kuweka ya 32, waya utapata moto ndani ya ukuta huku breka ikiendelea kutulia, kwa kuwa kwayo ampia 30 ni mzigo wa kawaida. Mkondo wa kifaa usizidi kiwango cha breka, na kiwango cha breka kisizidi uwezo wa waya. Vuta waya wa 6 kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye hita, usiochangiwa na soketi yoyote.

Jibu la pili
Naafiki, na umbali wenyewe hauna tatizo: waya wa 6 hupoteza takriban milivolti 7.3 kwa kila ampia katika kila mita, kwa hiyo kwa mita 20 utapoteza kama volti 4.4, yaani chini ya asilimia 2. Ninachohofia zaidi ni njia utakamopita. Ukifunikwa na sufi ya kuzuia joto darini, au ukibanwa pamoja na nyaya nyingine zenye mzigo, hauwezi kupoa vizuri. Hapo ningechagua wa 10.

Muulizaji
Nashukuru. Nimewahi kuambiwa kwamba volti zikiwa kubwa ndipo waya unapotakiwa kuwa mnene. Je, ni kweli?

Jibu la kwanza
Kwa wati zilezile ni kinyume chake, kwa sababu volti zikiongezeka maradufu, mkondo hupungua kwa nusu. Volti hudai kihami imara, yaani ile plastiki inayouvika waya. Unene wa shaba hudaiwa na ampia. (Ukikuta waya wa vipimo vya Kimarekani, jihadhari: namba 10 ni mnene kuliko namba 12.) Halafu kaza skrubu za viungio barabara, maana hita nyingi nilizoitwa kuzitazama ziliungulia hapo, ilhali waya wenyewe ulikuwa wa kipimo sahihi. Waya wa ardhi usiukate kwa hali yoyote, na kwa kuwa ni bafuni, fundi aliyesajiliwa akuwekee pia kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampia 30.