Kwale wa porini: kidari kinakauka, mapaja hayaivi

Swali
Ndugu wawindaji, nawasalimu. Jumamosi nilirudi na kwale sita, kibali kikiwa mfukoni, nikawachoma wanne kwa pamoja hadi kidari kikawa kikavu kabisa, ilhali mapaja bado yalikuwa yakivutana na meno. Nimekosea wapi?

Jibu la 1
Pole, ndugu. Kosa ni kupika kidari na mapaja kwa namna moja. Kwale hupenda kukimbia na huruka anapobanwa tu, kwa hiyo miguu yake ina kano ngumu zinazohitaji saa moja au zaidi ndani ya mchuzi, kwa moto mdogo, wakati kidari hakina mafuta ya kukilinda. Vitenganishe. Kidari kipake mafuta, ukiepue mara tu kiini kinapofika nyuzi 74 za Selsiasi.

Jibu la 2
Nakubaliana naye, ila tazama kwanza vipi vya dume, yaani ile miiba iliyo nyuma ya miguu yake: vikiwa vifupi na butu, huyo ni kijana na anafaa kuchomwa, vikiwa virefu na vyenye ncha, ni wa sufuria. Tena, popote unapoona tundu lenye manyoya yaliyozama ndani, papasa kwa kidole, kwani mara nyingi chembe ya marisau, yaani kijirisasi cha bunduki, imelala hapo, na madini ya risasi ni sumu. Matumbo yatolewe palepale porini, maana joto huharibu nyama upesi.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimewatazama wawili waliobaki kwenye friji. Mmoja ana vipi vilivyochongoka, basi leo anaingia sufuriani.