Je, Ian Woosnam anastahili kukaa safu moja na Ballesteros na Faldo?

MwanaLimuru

Waungwana, kati ya Aprili 1957 na Machi 1958 walizaliwa barani Ulaya wavulana watano ambao kila mmoja wao alikuja kuvaa koti la kijani apewalo mshindi wa Masters, mojawapo ya mashindano makuu ya gofu: Seve Ballesteros, Nick Faldo, Bernhard Langer, Sandy Lyle na Ian Woosnam. Wakitajwa wanne wa mwanzo, wachezaji wa klabu yetu hunyamaza kwa heshima. Akitajwa Woosnam, mtu wa Wales mwenye urefu wa mita 1.64, huulizana kama fimbo yake haikuwa ndefu kumzidi yeye mwenyewe. Naona tunamdhulumu.

Huyu ni mtoto wa mkulima, aliyejijengea mikono kwa kazi za shamba, akaingia gofu ya kulipwa mwaka 1976, na katika miaka ya mwanzo akazunguka mashindano ya Ulaya kwa gari alimolala humohumo huku akila maharagwe ya kopo. Msimu wa baridi kwao alikuja huku kwetu, na mwaka 1985 akashinda Zambia Open na Kenya Open. Mwaka 1987 alishinda World Match Play, akaipatia Wales Kombe la Dunia kule Hawaii akiwa na David Llewellyn, na akawa mwanagofu wa kwanza kukusanya zaidi ya pauni milioni moja za zawadi ndani ya mwaka mmoja. Aprili 1991 alipanda hadi nambari moja duniani, nafasi aliyoishikilia kwa wiki 50, na siku chache baada ya kuipata akashinda Masters: alifika shimo la 18 akiwa sawa na Tom Watson aliyecheza naye, akaupitisha mpira juu ya vishimo vya mchanga vya kushoto, ambavyo wenzake walikuwa wakivikwepa, na akamtangulia José María Olazábal kwa mkwaju mmoja.

Najua jibu mtakalonipa: shindano kuu ni moja tu, ilhali Faldo ana sita na Ballesteros matano. Lakini msisahau Open, shindano kuu la Uingereza, ya mwaka 2001 katika uwanja wa Royal Lytham, ambako uzembe wa kedi, mbebaji wa fimbo zake, ulimpokonya la pili. Je, mtu huyu si wa safu ya kwanza?

Binti Pangani

Kaka MwanaLimuru, umeandika kwa ufasaha, ila umeiruka milioni kama mtu anayeruka dimbwi mbele ya wageni. Pauni milioni moja ya mwaka 1987 ilitoka wapi? Sehemu kubwa yake ilikuwa dola milioni moja alizopewa mshindi wa shindano la Sun City, Desemba mwaka huo. Sun City ilijengwa Bophuthatswana, kijinchi ndani ya Afrika Kusini kilichotangazwa huru mwaka 1977 na ambacho dunia haikukitambua, kwa sababu kilikuwa mojawapo ya mabanda ambamo serikali ya makaburu iliwasukumia Waafrika ili iseme si raia wake. Nelson Mandela alikuwa bado gerezani. Sasa wewe unaiweka rekodi hiyo kwenye sinia la fedha na kutuomba tuiheshimu. Mimi nitamheshimu kwa Augusta, uwanja wa Masters, lakini milioni hiyo sitaipigia makofi.

Kedi Mstaafu

Nimesoma hadi nilipokutana na maneno "uzembe wa kedi", nikaweka miwani mezani. Nimebeba mifuko ya gofu Nairobi kwa miaka 22, kwa hiyo nitazungumza juu ya hilo tu, na mambo ya milioni nawaachia wenye milioni.

Sheria inaruhusu fimbo 14, na anayewajibika mbele ya sheria ni mchezaji mwenyewe. Kuhesabu ni kazi ya kedi, sikatai. Lakini elezeni jambo zima. Woosnam alikuwa akijaribu fimbo mbili kubwa za mkwaju wa kwanza katika uwanja wa mazoezi, na moja ikabaki mfukoni. Katika viwanja vingi kosa hilo lingeonekana palepale, kwa kuwa shimo la kwanza huwa refu, na mchezaji anapoomba fimbo kubwa mtu huona ziko mbili. Royal Lytham huanza kwa shimo fupi la mikwaju mitatu. Hakuna anayegusa fimbo kubwa pale. Woosnam alipiga kwa chuma, mpira ukakaribia kuingia, akamaliza kwa miwili. Ni kwenye shimo la pili, alipotaka kupiga mbali, ndipo fimbo ya 15 ilipojitokeza, na adhabu ikawa mikwaju miwili. Kedi akafukuzwa palepale mbele ya dunia nzima, na tangu siku hiyo kila mcheza gofu anayepoteza mpira porini hutukumbusha habari zake.

Reli ya Uhuru

Kwanza masahihisho, kwa kuwa mwenye mada ameviunganisha vitu viwili: Zambia Open ni ya 1985, lakini Kenya Open aliishinda 1986, katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi.

Tofauti hiyo ya mwaka mmoja ni muhimu kwa hoja ya Binti Pangani. Mwaka huohuo wa 1986, Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi 32 zilizosusia Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, kwa sababu serikali ya Uingereza chini ya Thatcher ilikataa kukata uhusiano na Afrika Kusini. Wanariadha wetu walibaki nyumbani na medali zao zikachukuliwa na wengine. Miaka kumi kabla yake Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania, alikuwa amekosa Olimpiki ya Montreal kwa sababu inayofanana na hiyo. Hao hawakuwa na dola milioni ya kuwafuta machozi. Na Zambia, ambayo ilimpa Woosnam ushindi wake wa kwanza katika ardhi yetu, ndiyo iliyokuwa ikiwahifadhi viongozi wa ANC pale Lusaka. Mtu aliyekula chakula cha Lusaka na cha Nairobi, kisha akaenda kula cha Sun City, alikuwa na nafasi nzuri kuliko Mwingereza wa kawaida ya kujua anachokifanya.

MwanaLimuru

Nashukuru kwa masahihisho ya mwaka. Ila sasa mmeniacha na mada yangu mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Sikuuliza kama Woosnam ni mtu mwema, niliuliza kama ni mchezaji mkubwa. Mwanagofu wa kulipwa hatumwi na serikali wala havai sare ya taifa. Anakwenda kwenye zawadi kama fundi anavyokwenda kwenye kazi. Zaidi ya hayo, mbona Ballesteros hamumsemi? Yeye pia alishinda Kenya Open, mwaka 1978, na yeye pia alikwenda Sun City. Au dhambi huhesabiwa kwa watu wafupi tu?

Mtumwa wa Takwimu

Kwa kuwa kila mmoja ameleta kumbukumbu yake, niruhusuni nilete hesabu.

Ballesteros alishinda Sun City mara mbili, 1983 na 1984. Langer alishinda 1985. Kwa hiyo, kama Sun City ni doa, limewapata angalau watatu kati ya wale watano waliotajwa, na halitusaidii kuwapanga.

Kuhusu 2001, nayo tuipige kwa kalamu. David Duval alishinda kwa mikwaju 274, Niclas Fasth akawa wa pili kwa 277, naye Woosnam alimaliza kwa 278 pamoja na wengine watano. Mwondolee adhabu ya mikwaju miwili: anapata 276, yaani nafasi ya pili peke yake, bado mikwaju miwili nyuma ya Duval. Basi kauli kwamba kedi alimpokonya shindano kuu la pili haisimami kwa hesabu. Unaweza kusema kwamba mshtuko ulimvuruga, maana baada ya adhabu alipoteza mikwaju mingine mapema, lakini alijikusanya na kumaliza siku kwa 71.

Jambo linalomweka chini ya Ballesteros na Faldo, kwa maoni yangu, si lolote kati ya haya. Ni Ryder Cup, shindano la timu kati ya Ulaya na Marekani. Alicheza mara nane mfululizo, kuanzia 1983 hadi 1997, na katika mapambano manane ya mtu kwa mtu hakushinda hata moja: alipoteza sita na kutoka sare mawili. Akiwa na mwenzake alikuwa simba; akiachwa peke yake siku ya mwisho hakuwahi kupata pointi kamili. Naomba mtu ajibu hilo.

Binti Pangani

Nitajibu lile la Ballesteros, kwa kuwa limeelekezwa kwangu. Sikumsema kwa sababu mada haikumleta kama mtu anayedhulumiwa. Kaka MwanaLimuru, neno "tunamdhulumu" ni lako. Dhuluma ni neno la haki, si neno la gofu, na wewe ndiye uliyelifungulia mlango. Sasa limeingia na ndugu zake unalalamika nyumba imejaa.

Ama hilo la fundi anayefuata kazi, fundi akiitwa kujenga ukuta wa gereza la jirani yake anaweza kukataa. Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Madola, Uingereza ikiwamo, zilikubaliana pale Gleneagles kukatisha tamaa uhusiano wa michezo na Afrika Kusini, kwa hiyo habari hizi hazikuwa siri ya vijiji vya Afrika. Hata jina la makubaliano hayo linatoka kwenye hoteli yenye viwanja vya gofu! Mwanagofu gani wa Uingereza asingelisikia?

Reli ya Uhuru

Nami nina la kuongeza kuhusu "hakuvaa sare ya taifa". Mwaka huohuo wa 1987 alikuwa ameivaa kule Hawaii, na ndugu yetu ameutaja ushindi huo kwa fahari. Akishinda ni Wales, akialikwa Sun City ni fundi wa kujitegemea. Isitoshe, mtu mwenyewe alizaliwa Oswestry, ambayo iko upande wa Uingereza.

MwanaLimuru

Sasa mmefika hadi kwenye cheti cha kuzaliwa! Uwanja uliomlea ni Llanymynech, ambao una mashimo 15 ndani ya Wales na matatu ndani ya Uingereza. Katika shimo la nne mchezaji huanzia Wales na kumalizia Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa Wales, na Wales aliichezea maisha yake yote. Nyinyi mnaoishi Taveta na Namanga mnajua vizuri kwamba mpaka hauulizi mtoto anataka kuzaliwa upande gani.

Na kwa Mtumwa wa Takwimu: Ryder Cup ya 2006 pale Ireland yeye ndiye aliyekuwa nahodha, na Ulaya iliishinda Marekani kwa pointi 18½ dhidi ya 9½. Hilo nalo liandikwe.

Mtumwa wa Takwimu

Limeandikwa. Nahodha hapigi mpira hata mmoja. Nimeuliza kuhusu mapambano manane ya mtu kwa mtu.

Binti Pangani

Uwanja wenye mpaka katikati! Kumbe alizoea tangu utotoni kuanzia upande mmoja na kumalizia mwingine: mkwaju wa kwanza Zambia, wa mwisho Bophuthatswana. Hapo nimemwelewa, ingawa sijamsamehe.

MwanaLimuru

Dada, hiyo nakubali ni kali, na nimecheka. Lakini naona mmekubaliana nami bila kutaka. Hakuna anayebishana hivi kwa kurasa mbili juu ya mchezaji mdogo.

Kedi Mstaafu

Nimesubiri kwa adabu mmalize siasa. Mimi mwenyewe niliteleza niliposema kedi yule alifukuzwa palepale, mwanangu amenisahihisha. Siku ile Woosnam alisema hatamfukuza, na kweli akabaki naye. Aliachishwa kazi wiki mbili baadaye nchini Sweden, alipochelewa kuamka asubuhi ya raundi ya mwisho. Kuchelewa kuamka ni kosa la mtu mmoja, na hilo simtetei. Lakini fimbo ya 15 ilikuwa ya watu wawili, na Mtumwa wa Takwimu ameonyesha kwamba hata bila hiyo kombe lingekwenda kwa Duval. Kwa hiyo, MwanaLimuru, lile neno "uzembe" bado liko pale juu kwenye andiko lako, na mimi bado niko hapa.