Seva ya ofisini au klaudi kwa duka lenye matawi? Walioumia njooni

SpeaMwanza
Wakuu salaam. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza na matawi mawili, Geita na Sengerema. Miaka sita sasa programu yetu ya mauzo iko kwenye seva pale dukani, seva yenyewe ni kompyuta moja iko chini ya ngazi karibu na mifuko ya simenti, matawi yanatuma hesabu jioni kwa WhatsApp halafu binti wa hesabu anaingiza upya kwa mkono, makosa hayaishi. Sasa kuna jamaa wamekuja na mfumo wa klaudi, yaani data inakaa kwenye seva zao huko mbali unaifikia kwa intaneti, matawi yote unayaona kwenye simu, unalipa kwa mwezi kwa kila mtumiaji, seva hununui. Uzuri wake nimeshaimbiwa mpaka nimeukariri, nataka ubaya. Nibaki, nihame au kuna njia ya katikati?

fundi_neti
Mkuu jiulize kwanza, neti ikikata saa nne asubuhi duka limejaa unauzaje? Unakumbuka Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja huko kusini upande wa Durban, na sisi huku Tanzania intaneti ikawa ya kubahatisha. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu yake niko kwa mteja wangu Kariakoo, duka la dawa la jumla, mfumo wote uko klaudi. Kaunta tatu, wauzaji wanatazama kiduara kinazunguka tu, watu wamefika mpaka barazani, mwenye duka akaenda kuchimbua kauntabuku la zamani. Basi kuandika wanaandika, bei sasa! Hakuna anayezikumbuka maana miaka miwili zinasomwa kwenye skrini. Wakawa wanapiga simu kwa washindani wao kuulizia bei, nilicheka kwa ndani.
Na sio nyaya peke yake, Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata intaneti ilizimika nchi nzima. Waliofungua maduka wenye mfumo wa klaudi waliuza kwa kalamu. Seva yako ya chini ya ngazi ingeuza kama kawaida.

Mama_Vifaa
Fundi hiyo seva unaipamba sana. Mimi ya kwangu wezi walivunja dirisha la nyuma wakabeba CPU, na hadidiski ya bekapu, ile nakala ya akiba ya data, nayo ilikuwa imekaa juu ya hiyohiyo CPU, wakabeba vyote. Pesa ya dukani hawakuipata, walichoondoka nacho ni madeni yangu. Mafundi wote niliokuwa nawakopesha bati na nondo, ukimpigia mtu anakuuliza kwa upole kabisa, "mama samahani, una karatasi yoyote?" Nimepata kama nusu tu. Kaka SpeaMwanza hapo chini ya ngazi na vumbi la simenti hata mwizi asipokuja, feni ya hiyo mashine inakufa mwenyewe.

msee_wa_tao
Huku Nairobi mimi iliniuma kwa bili bana. Klaudi tunalipa kwa dola, mteja ananilipa shilingi. Januari 2024 dola iligonga 160 hivi, sijaongeza kitu chochote, huduma ni ileile, lakini kila mwezi natoa shilingi nyingi zaidi. Baadaye ikashuka 130 hivi lakini jasho lilikuwa limeshanitoka. Halafu kuna developa wetu aliwasha mashine kubwa ya kujaribia kitu Ijumaa akaisahau, sisi tukaikumbuka bili ilipokuja. Seva ya dukani ukiisahau imewaka unalipa stima tu.
Kuna wale 37signals, kampuni ya programu ya Marekani, wenye Basecamp na HEY, mwaka 2022 klaudi iliwala kama dola milioni 3.2, wakanunua seva zao wakaanza kuhama. Lakini usiige tu, wao wana watu kazi yao ni kukaa na hizo seva. Wewe uko na nani?

SpeaMwanza
Nina kijana anakuja Jumamosi 😂

bekapu_kwanza
Watu wanadhani ukishaweka klaudi bekapu sio kazi yako tena. Machi 10, 2021 jengo la OVH, kampuni inayokodisha seva, lilishika moto kule Strasbourg, Ufaransa, jengo zima la seva likaungua, na kuna wateja bekapu zao zilikuwa hukohuko kwenye eneo lilelile, ikawa ndio mwisho wa data. Tofauti yake na hadidiski ya Mama Vifaa iko wapi? Ni ukubwa wa jengo tu.
Hii ya pili mimi ndio naiogopa zaidi. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper, Australia, wanachama zaidi ya laki sita, mfumo wao ulifutika Google Cloud. Hakuna mwizi wala moto. Wakati wa kuuandaa, kuna sehemu moja iliachwa tupu, mfumo ukajiwekea muda wa mwaka mmoja, mwaka ulipoisha ukafuta wenyewe. Wanachama walikaa kama wiki hawaoni akaunti zao. Kilichowaokoa ni bekapu zilizokuwa pembeni, nje ya ile huduma iliyofutwa.

TangaHesabu
Hamjasema kuhusu kutoka. Kuingia klaudi wanakuja wenyewe mpaka ofisini na soda wanakununulia, siku unataka kuondoka ndio utajua. Mimi nilipoomba data yangu ya miaka minne walinitumia PDF. Kurasa mia nne na kitu! Nikarudi kuandika bidhaa moja moja kwenye Excel kama nimeanza duka jana. Kabla hujasaini waambie wakupe leo leo mfano wa data itakavyotoka, ikiwa Excel au CSV sawa.
Na akaunti kuu iwe kwa barua pepe ya duka. Ya kwetu ilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana wa IT, akaacha kazi, kadi ya malipo ikaisha muda, maonyo yote yanaenda kwake, sisi tukaona tu mfumo umefungwa tarehe 30 siku ya mishahara.

wakili_pembeni
Kidogo tu: majina na namba za wateja unaowakopesha ni taarifa binafsi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, inataka ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Waulize seva zao ziko nchi gani. Wakijibu "ziko klaudi" jua hawajui.

fundi_neti
Mama Vifaa nimekubali, nilipamba. Mkuu ya katikati ipo, programu inauza hata neti ikiwa imekata, ikirudi inapeleka mauzo klaudi, na kila usiku nakala inashuka kwenye hadidiski unayoenda nayo nyumbani. Ubaya wake stoo. Geita na Mwanza wote hawana neti, wote wanaona tanki moja la lita 5,000 limebaki, wote wanaliuza. Neti ikirudi stoo inasoma hasi moja na una wateja wawili wenye risiti. Kwa hiyo vitu vikubwa neti ikikata wapigiane simu kwanza, simenti na misumari waendelee tu.

SpeaMwanza
Wakuu asanteni. Leo yule kijana wa mauzo amekuja tena, nikamwambia haya uza mfuko mmoja wa simenti, alipofika kwenye kutoa risiti nikachomoa waya wa ruta. Kiduara kikazunguka, tukakitazama wote wawili. Akaniambia bosi kwa kawaida haikatagi. Nimemnunulia soda mimi, nimemwambia arudi akiwa na inayouza bila neti, na kijana wa Jumamosi anakuja kesho kuitoa ile mashine chini ya ngazi.