Mrejesho: Svalbard, viza na usingizi

Wakuu, niliuliza hapa kama viza ya Schengen (nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao) ya kuingia mara moja inatosha kwa kazi ya Svalbard, visiwa vya kaskazini ya mbali. Waliosema haitoshi, Mungu awabariki. Visiwa ni vya Norway ila viko nje ya Schengen, kwa hiyo ukipanda ndege ya kurudi Oslo unaingia upya. Wakati wa kurudi, afisa alifungua pasipoti, akatafuta neno la kuingia mara mbili, akagonga muhuri. Hakuuliza kitu.

Siku za mwisho Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, zilikuwa za kufungasha sampuli za theluji. Ukitoka nje ya mji lazima muwe na kitu cha kumfukuzia dubu, na mwenzetu mmoja alibeba bunduki muda wote. Kazi yake kutazama upeo tu, hata chai anakunywa amesimama. Betri za vipimo tulizihifadhi ndani ya shati, maana kwenye baridi zinaisha chaji upesi mno. Hotelini viatu vinabaki mlangoni kama msikitini, desturi ya tangu enzi za wachimba makaa.

Aliyeuliza tunapangaje saa za swala kule: kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Agosti jua halizami kabisa, hivyo Magharibi huioni. Mimi nilifuata saa za Makka. Wengine hufuata mji wa karibu wenye usiku, muulize shehe wako. Usingizi ndio ulionishinda. Pazia zito halisaidii kama mwanga unapenya pembeni. Beba kitambaa cha macho.