Nina miaka 25, nimesomea ualimu, na nimeanza kuamini labda kweli siwezi

binti_wa_Moro
Habari zenu wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Nimemaliza digrii ya ualimu 2023, hesabu na jiografia, nipo nyumbani Morogoro kwa mama. Ajira ni shida ya wote najua, ila mimi kinachonitesa ni kingine. PDF ya walioitwa kazini ikitoka najifunika shuka natembeza simu mpaka herufi ya jina langu, nisipojiona narudi juu naanza upya eti labda nimeruka. Usaili wa kuandika nilivuka mara moja, nikafika mahojiano nikaulizwa kitu chepesi kabisa mdomo ukakauka.

Sasa juzi mtoto wa jirani, yupo form two, kaja na daftari anataka nimwelekeze logarithimu. Topiki niliyofundisha TP nzima, yale mazoezi ya kufundisha tukiwa chuo! Nikamwambia naumwa kichwa njoo kesho. Kesho yake nikasikia hodi, nikanyamaza chumbani mpaka akaondoka. Nasikia ndala zake zinaishia nje na mimi nimekaa kitandani. Mama ananiuliza mbona unakonda, namjibu joto. Kuna aliyepitia hii ikaisha? Au ndo ukubwa wenyewe?

BabuChaki
Marahaba mwanangu. Mimi nimeanza kazi 2009, enzi zetu ukimaliza chuo unasubiri kupangiwa kituo, hakuna usaili hakuna nini. Kwa hiyo hao walimu unaowaona wanajiamini, wengi wetu hakuna aliyetukalisha mezani kutupima, tuliingia hivyo hivyo. Siku yangu ya kwanza darasa lina watoto zaidi ya 90, niliandika tarehe ubaoni nikafuta nikaandika tena tarehe ile ile, mkono unatetemeka. Kujiamini kulikuja kama muhula wa tatu huko, tena kwa kufundisha, sio kwa kukaa nafikiria. Wewe unataka kuje kabla hujashika chaki, kutatokea wapi?

Nasra_tz
Pole sana mdogo wangu. Nimesoma mara mbili, PDF umeielezea kama mtu aliyeizoea ila kwa yule mtoto ndo nimekuona unaumia. Usimfungie tena. Leo usiku kaa na kitabu chako fanya maswali matano peke yako, ukikosea hakuna anayekuona, kesho mwite wewe mwenyewe usisubiri hodi. Halafu mama mwambie ukweli, anajua sio joto, mzazi hadanganyiki na joto la Morogoro miaka yote hiyo anaishi hapo.

kitaa_graduate
Mi naongeza kitu ambacho hakisemwi. Nimepata kazi mwaka jana, bodi ya mikopo ya wanafunzi wanakata ile asilimia 15 yao ya mshahara kila mwezi, yaani kwa makaratasi mimi ni mtu mzima kamili, na bado kila jumatatu naingia ofisini nahisi leo watagundua sijui kitu. Kwa hiyo dada usiweke hesabu kwamba barua ya ajira itakuja na dawa ya hilo. Anza nalo sasa hivi ukiwa nyumbani, ukiwa na mishahara na wakubwa juu yako ni ngumu zaidi.

binti_wa_Moro
Asanteni jamani, BabuChaki nimelia kwa ile tarehe. Yule mtoto nimemwita leo jioni. Tumefanya log ya 8 kwa kizio cha 2, jibu 3 kaandika ila akaniuliza "dada kwa nini tatu?" nikakwama, ule mdomo mkavu ukarudi kabisa. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni, nikachota, nikaweka moja, nikaongeza ziwe mbili, nne, nane, nikamwambia hesabu tumezidisha kwa mbili mara ngapi. Akahesabu kwa kidole, akanyamaza, akasema aaah. Kisha akachota maharage mwenyewe akaendelea mpaka 32 bila kuniuliza.

Kesho anakuja na mwenzake. Mama hajasema kitu, kaniachia lile bakuli la maharage mezani.