Mtu mzima unalamba kidole unafuta tope kwenye gari la mwenzio? Leo nasema

Msasa Elfu Mbili (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji na hakuna haja ya kumtaja. Mliokuwepo leo kwenye mkutano wetu wa modeli za magari mlimwona kwa macho, na msiokuwepo mnamjua vilevile: yule wa kabati la vioo lenye taa ndani, anayevaa glavu nyeupe kushika boksi ambalo hajawahi kulifungua tangu alinunue. Huyo huyo. Boksi lake analishika kwa glavu, gari langu analishika kwa mate!

Nilipeleka modeli yangu ya Datsun 240Z, ile iliyoshinda mbio za magari za Safari za 1971, nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11 mlangoni, gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller. Boksi la Hasegawa, modeli ya Kijapani ya kuunganisha mwenyewe, kipimo cha 1:24. Wajenzi wenzangu mnajua kazi iliyomo. Unakata vipande kwenye fremu kimoja kimoja, unapiga msasa, praima, rangi, msasa tena, halafu zinakuja stika za maji, ambazo ukipiga chafya tu zimejikunja na hazikunjuki mpaka kiama. Na baada ya hayo yote linakuja tope. Kwa gari la Safari tope ndilo gari lenyewe! Nilichekecha udongo mwekundu wa Same kwa soksi ya kike, nikachanganya na chaki niliyoisaga kwa wembe, nikapaka kwa brashi nyembamba. Zito nyuma ya matairi, linapungua kadiri linavyopanda mlangoni, vile vumbi linavyopanda kweli gari likiwa mbioni. Nilikuwa nazima feni nyumba nzima lisipeperuke. Watu walilala na joto la Dar kwa ajili ya mlango ule.

Bwana yule akaja. Akalinyanyua bila kuuliza. Akaligeuza geuza. Akasema, "Mbona chafu hivi?" Halafu akalamba kidole gumba. Akakilamba, wakuu, ulimi wote nje! Akafuta mlango kuanzia kwenye kitasa mpaka kwenye namba. Akalirudisha mezani na kusema, "Haya, sasa linang'aa."

SASA LINANG'AA.

Mbele za watu. Mbele ya vijana wa sekondari waliokuja mara ya kwanza kuona modeli. Mate yenyewe yangetosha kuosha basi la Mwanza na abiria wake. Na kidole kilikuwa kimetoka kwenye mshikaki, maana kuna mafuta yamebaki pale na udongo mpya haushiki.

Hebu niambieni. Ningeenda nyumbani kwake nikachukua boksi moja tu, nikalipasua kwa kucha nikasema "haya, sasa linapumua", ningetoka na meno?

Sitaki msamaha wake. Nataka tope langu.

---

Kobe wa Kigamboni

Nilikuwepo. Nathibitisha ulimi. Na alipomaliza alijifuta kidole kwenye kitambaa cha meza cha watu.

---

Mzee Karatasi

Mleta uzi punguza munkari. Watu tunatafuta maji ya kufulia, wewe unalilia gari limefutwa vumbi. Mimi angekuja kunifutia Noah yangu ningemshukuru na soda ningempa.

---

Msasa Elfu Mbili

Mzee Karatasi, Noah yako ina tope kwa sababu hujaiosha. Hili lilikuwa na tope kwa sababu nimelipaka! Kuna mstari sasa mlangoni, upana wa kidole gumba, msafi kabisa. Gari limetoka kwenye mashindano ya nyika likiwa limefutwa na jitu. Kila nikilitazama naona kidole chake.

---

Dogo wa Tabata

Hahahaha jitu. Bila picha hatuamini mkuu. Mwaga picha ya mlango.

---

Fundi Bunduki

Pole sana mkuu. Ila swali la kiufundi: hukupuliza vanishi juu ya tope?

---

Msasa Elfu Mbili

Nilijua litakuja tu hilo. Stika zina vanishi, tope halina. Vanishi inakula vumbi, Fundi, na wewe unajua. Udongo mwepesi ukilowa vanishi unaingia giza, nusu yake unapotea, kinachobaki ni doa. Ndiyo maana modeli ya tope inashikwa kwenye ubao wake, haishikwi mlangoni. Na hata ningepuliza galoni nzima, tangu lini vanishi imempa mtu ruhusa ya KULAMBA KIDOLE?

---

Fundi Bunduki

Inategemea unavyopuliza. Mimi natumia ya mati, nasimama mbali, napitisha kidogo kidogo na kusubiri ikauke. Vumbi linabaki. Lako lingebaki.

---

Kobe wa Kigamboni

Fundi, msimu wa masika Dar hupulizi kitu. Unyevu ukizidi vanishi inapauka, gari zima linavaa ukungu mweupe. Nimeua Lancer nzima hivyo. Ilikuwa nyeusi, ikawa bibi harusi.

---

Boksi Halifunguliwi

Naomba niseme kama mkusanyaji. Mimi siye yeye, na alilofanya si sawa. Ila nanyi wajenzi mmezidi dharau. Kila tukikutana mnatuita wenye duka. Mnajua jasho la kukusanya? Gari ndogo za Hot Wheels zipo tangu 1968, zile adimu za Treasure Hunt tangu 1995, na kuipata moja kwa bei ya rafuni ni vita. Kuna wachuuzi wanaingia supamaketi mlango ukifunguliwa tu, wanachambua zile adimu zaidi, Super, zenye matairi ya mpira, zilizobaki wanazificha nyuma ya vyombo vya plastiki, jioni unaziona mtandaoni bei imepanda mpaka paa. Nimekuta Porsche ndani ya sufuria! Sufuria la kuuzwa! Hilo ndilo la kufungulia uzi, siyo vumbi.

---

Dogo wa Tabata

"Mimi siye yeye." Wewe ndiye yeye. Andiko lina glavu hili.

---

Kobe wa Kigamboni

Ni yeye kabisa. Hata koma kaweka kwa adabu.

---

Boksi Halifunguliwi

Mimi niko Dodoma jamani!!! Tangu juzi niko Dodoma!

---

Vumbi la Nakuru

Majirani hamjambo. Pole kaka Msasa, huyo mtu hana haya. Lakini udongo wa Same wa nini kwa gari la Herrmann? Herrmann alikuwa mkaazi wa huku Kenya. Gari ni letu, na vumbi liwe letu. Ungeniambia ningekutumia la Naivasha.

---

Msasa Elfu Mbili

Vumbi, ndugu yangu, usinianze leo. Safari ilipozaliwa 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1971 bado ilikuwa inaitwa East African Safari. Jina la Safari Rally peke yake limekuja 1974. Na aliyeshika nafasi ya pili 1971 ni Shekhar Mehta, kwenye 240Z nyingine, na Mehta kazaliwa Uganda. Nipake la Naivasha kwa nini?

---

Vumbi la Nakuru

Mehta akakuja kuishi wapi? Akashinda mara tano akiwa wapi? 1973, halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo. Nyinyi mlikuwa mnatazama tu.

---

Mzee Karatasi

Hapo 1973 alilingana pointi na Källström, Msweden wa Datsun nyingine, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyeenda mbali zaidi bila adhabu. Mimi nilikuwa mdogo, baba alikuwa na redio. Yale yalikuwa magari. Hayakufutwa na mtu.

---

Msasa Elfu Mbili

ASANTE Mzee Karatasi. Hayakufutwa na mtu! Ndilo ninalosema tangu asubuhi.

---

Mama Wawili

Mimi nina la kwangu, na ninyi wanaume msiokaa na wageni hamtalielewa. Nakusanya Tomica, gari ndogo za Kijapani za kuchezea, napanga juu ya kabati la vitabu sebuleni. Wifi kaja na mwanawe. Mtoto kaona, kaanza kulia. Wifi anasema, "Mpe tu kamoja, unayo mengi." Kamoja! Nikakataa kwa upole. Mama mkwe akaniangalia kana kwamba nimemnyima mtoto titi. Nikampa ashike tu, sebuleni, nikiwa nimekaa palepale. Walipoondoka nikahesabu. Skyline haipo. Nimepiga simu, wifi anasema "ah, huyo mtoto kapenda, mwache alale nayo leo." Na anailaza wapi? Kwenye bafu la plastiki, nimeiona kwenye picha aliyotuma mwenyewe!

---

Dogo wa Tabata

Duh. Mama Wawili pole, hii imezidi mate.

---

Kobe wa Kigamboni

"Unayo mengi." Hiyo kauli ifungiwe. Kwetu alisema mjomba, kuhusu Land Rover ya 1:43. Nami namtazama ana mashati kumi na mbili, mbona sijamwomba hata moja.

---

Msasa Elfu Mbili

Jamani ni sawa, Mama Wawili poleni sana, lakini uzi huu ni wa mlango wa kulia wa Datsun. Skyline inaoshwa, inakauka, imekwisha. Tope la mlangoni nalirudishaje? Nikipaka upya pale tu, rangi haifanani na pembeni. Inabidi nifute gari zima nianze. Gari ZIMA. Kwa kidole kimoja.

---

Mama Wawili

Skyline ina stika pia! Usinipimie maumivu.

---

Mtu wa Waya

Nawasoma tu. Sisi Iringa tulijenga malori kwa waya na makopo, matairi ndala, usukani fito ndefu, tukayaendesha kwenye mvua na mawe siku nzima. Tope lilikuja lenyewe. Gari linaloogopa kidole gumba si gari.

Ila nami nina langu. Bado natengeneza, mabasi ya waya, mlango unafunguka, tanboi amening'inia mlangoni. Kuna mwenye duka la watalii, mnamjua, ananipa hela ya chapati, anaweka rafuni na kadi kwa Kiingereza, anauza kwa dola. Nilipomuuliza akasema bei ni ya taa za duka. Mimi nalipia taa za duka!

---

Boksi Halifunguliwi

Mtu wa Waya, basi hilo la tanboi nalitaka. Nione picha na bei. Nalipa kabla.

---

Dogo wa Tabata

Usimuuzie, atalifunga kwenye nailoni.

---

Fundi Bunduki

Mkimaliza tuzungumzie rangi, hilo ndilo linaloua ufundi huu hapa kwetu. Boksi kutoka Japani linafika. Rangi haifiki, kwa sababu ya kushika moto haipandi ndege. Unakaa na Celica ya 1985 ya plastiki nyeupe, pasi na cha kuipaka. Unakwenda Gerezani kwa wapiga rangi wa magari, unapewa rangi nzuri kweli, unachanganya na tinna yao, unapuliza, na boneti inaanza kulainika mbele ya macho yako. Tinna ya gereji inakula plastiki hii. Mnyange wangu aliyeyuka kuanzia taa mpaka kioo cha mbele.

---

Kobe wa Kigamboni

Praima kwanza, Fundi. Tabaka nyembamba, nyembamba, ikauke usiku kucha, halafu rangi ya gereji kwa mbali. Ukilowesha tu umekwisha.

---

Vumbi la Nakuru

Huku Nairobi tunatumia akriliki za wachoraji, unazipunguza na maji na spiriti kidogo. Rangi inachelewa kushika lakini haili plastiki.

---

Fundi Bunduki

Akriliki ya wachoraji inaziba bunduki ya kupulizia rangi. Chembe zake ni nene. Yangu nimeifungua kwa sindano mpaka sindano ikapinda.

---

Msasa Elfu Mbili

Wakuu. Uzi ni wa MATE. Alilamba kidole.

---

Vumbi la Nakuru

Fundi, chuja kwanza na kitambaa cha hariri kabla ya kumimina. Mimi haizibi.

---

Fundi Bunduki

Hariri au ile soksi ya Msasa?

---

Kobe wa Kigamboni

Soksi inatosha. Mama Wawili, ile Skyline imerudi?

---

Mama Wawili

Imerudi leo. Haina tairi la nyuma, na wifi ananiuliza kama ninalo jingine linalofanana, kwa sababu mdogo wake naye analia.